Kamba ya Kuku Mgeni

Hotuba kwa wafanyakazi wa saiba na makarani wa mawakala wa forodha, Tononoka, Mombasa

Assalaamu alaykum, na habari za asubuhi kwenu nyote. Wazee wangu mlioketi mbele, mama zangu, vijana wa kaunta za saiba, na nyinyi makarani wa forodha mlioomba ruhusa kazini ili mfike hapa: ahsanteni.

Nataka nianze na neno ambalo ni letu. Kupakua. Kabla kompyuta haijaingia mji huu, kupakua ilikuwa kazi ya mikono. Mpishi hupakua wali kwenye sinia, kuli hupakua magunia Kilindini, na jahazi likitia nanga Bandari ya Kale hupakuliwa shehena yake. Waliotafuta neno la Kiswahili la kuteremsha faili kutoka kwenye intaneti hawakwenda mbali, walilichukua hilohilo. Nami nalipenda, kwa sababu anayepakua anajua kwamba mzigo umetoka mbali, na kwamba kuna mtu wa kuukagua kabla haujatoka getini. Hakuna kontena linalotoka Kilindini kwa sababu tu mwenyewe ana haraka.

Kwenye kompyuta, mtu huyo wa getini ni kivinjari. Chrome, Firefox, Edge, Safari, chochote unachotumia. Na maneno anayoyasema getini ndiyo hayo maonyo yanayojitokeza unapopakua faili, ambayo wengi wetu tumezoea kuyaondoa kama mtu anayefukuza nzi.

Mimi niliingia katika kazi ya saiba mwaka 2009, mwaka ambao nyaya za SEACOM na TEAMS zilitua hapa Mombasa kutoka chini ya bahari. Kabla yake intaneti yetu ilitoka angani kwa setilaiti, mteja alilipa kwa dakika, na faili ya megabaiti tano ungeingoja mpaka chai ikapoa. Uzito ule ulikuwa taabu, lakini ulikuwa pia ulinzi, maana mtu hakupakua asichokihitaji. Nyaya zilipofika, na EASSy ikafuata mwaka 2010, tukafurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Ila vidole vyetu vikajifunza mwendo ambao macho hayakuufikia.

Niwasimulie kisa kilichonifanya nisimame hapa. Kilitokea dukani kwangu.

Ilikuwa Ijumaa, karibu na adhuhuri. Binti mmoja, karani wa ofisi ya kutoa mizigo, alikuja mbio kwa kuwa umeme wa ofisini kwao ulikuwa umekatika. Mteja wao alikuwa na kontena bandarini, siku za bure zilikuwa zinakwisha, na kuanzia siku iliyofuata gharama za stoo zingeanza kuhesabiwa. Akafungua barua pepe ya ofisi. Humo mlikuwa na ujumbe unaotaja jina la meli lililo sahihi na namba ya kontena iliyo sahihi, ukisema hati ya shehena imerekebishwa, aipakue na kuithibitisha upesi. Faili ilikuwa ya zip, yaani furushi la faili, imefungwa kwa nywila, na nywila yenyewe imeandikwa papo hapo chini ya ujumbe.

Kivinjari kilisimama. Kilisema hakikuweza kuikagua faili ile. Binti akamtazama kijana wangu wa kaunta, na kijana wangu akanyoosha mkono akabonyeza pale palipoandikwa Keep, yaani ihifadhi. Hakufanya hivyo kwa ubaya. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba mteja asingojeshwe. Faili ilipofunguliwa ilikuwa na alama ya hati ya PDF, na Windows nayo ikasimama ikasema mwenye programu hii hajulikani. Hapo nyote mngejiuliza: programu gani, na hii ni hati? Hawakujiuliza. Wakabonyeza tena. Hakuna kilichofunguka. Binti akadhani faili imeharibika, akaondoka.

Siku kumi na moja baadaye mteja wa ofisi ile alipata barua kutoka anwani halisi ya yule binti, ikisema akaunti ya benki ya ofisi imebadilika. Akalipa. Pesa hizo hazikupatikana mpaka leo, na binti akafukuzwa kazi. Nilikwenda nyumbani kwao kuomba radhi, na mama yake alinipokea kwa adabu ambayo sikuistahili. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kila onyo kabla sijaligusa, na nimejifunza mambo ambayo ningependa kijana wangu angeyajua Ijumaa ile.

Wazee wetu husema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kuku aliyenunuliwa Kongowea leo haachiliwi uani achanganyike na wa nyumbani. Hufungwa kamba, akatazamwa siku mbili tatu kama ni mzima na kama atazoea. Kamba ile si tusi kwa aliyemuuza.

Kompyuta zetu zina kamba hiyo, na sisemi kwa mfano tu. Tangu Windows XP ilipopata marekebisho makubwa ya mwaka 2004, faili ikipakuliwa na kivinjari huandikiwa pembeni maneno machache usiyoyaona ukiifungua, ya kwamba imetoka eneo namba 3, yaani intaneti. Kompyuta za Apple nazo, tangu 2007, huitia faili alama yao, na jina waliloipa alama hiyo ni karantini, neno ambalo mji wa bandari hauhitaji kuelezwa. Kwa alama hiyo Windows hujua kusimama na kuuliza kabla ya kuendesha programu ngeni, na Word hujua kuifungua hati kwa kusoma tu. Microsoft ilipoamua mwaka 2022 kuzizuia makro, yaani amri ndogo zinazojiendesha, zilizomo ndani ya hati za intaneti, ilichotazama ni kamba hiyohiyo mguuni.

Sasa sikilizeni jambo ambalo nimewauliza mafundi wengi mjini hapa, na ni wachache walionijibu. Kamba hii yakatika kwa urahisi mno. Alama ile hukaa kwenye diski iliyopangwa kwa mfumo uitwao NTFS. Flashi zetu karibu zote zimepangwa kwa FAT32 au exFAT, na mifumo hiyo haina mahali pa kuiweka. Ukinakili faili kutoka kompyuta ya saiba hadi kwenye flashi, alama inabaki nyuma. Mwenzako atakayeichomeka flashi hiyo ofisini, Moi Avenue au Nkrumah Road, ataona faili isiyo na kamba, kana kwamba ilianguliwa uani pale pale. Windows yake haitamuuliza kitu kwa sababu ya alama hiyo. Kivinjari kilimwonya mtu wa kwanza peke yake. Vijana wa saiba, fahamuni basi kwamba mmebeba amana. Onyo utakalolipuuza wewe, atakayeipokea faili baada yako hatalipata.

Ziko pia programu za kufungulia faili za zip ambazo hazipitishi alama kwa vilivyomo ndani. 7-Zip, ambayo wengi mnayo, ilianza kuweza kuipitisha mwaka 2022, na hata hivyo ni hadi uende kwenye mipangilio yake uiwashe mwenyewe. Iwasheni.

Turudi getini. Kosa letu kubwa ni kudhani kwamba maonyo yote yanasema neno moja. Hayasemi. Kivinjari kina sauti kadhaa, na kila sauti ina jibu lake.

Mara nyingine husema tu kwamba faili za namna hii zaweza kudhuru kompyuta. Hapo hakijamshuku aliyeituma, kimetazama aina. Kisu cha jikoni hakina dhambi, lakini mtoto akikishika utamwambia angalia. Faili zinazoishia na exe, msi, js, scr, au apk kwenye simu, ni faili zinazotenda kazi, wala si za kusomwa. Swali lako hapo ni moja: je, nilikuja kutafuta programu? Kama ulikuja kutafuta programu ya printa kwenye tovuti ya waliounda printa, endelea. Kama ulikuja kutafuta risiti, hati ya shehena au fomu ya shule, basi umeletewa kisu badala ya kijiko, na huna haja ya kujua zaidi.

Mara nyingine husema faili hii haipakuliwi mara nyingi. Hii ndiyo sauti inayoeleweka vibaya kuliko zote. Kivinjari hakisemi ni mbaya, kinasema simjui. Kimetazama faili yenyewe, tovuti ilikotoka, na sahihi ya kidijitali ya aliyeitengeneza, hakikupata sifa njema wala mbaya. Programu halali iliyotoka jana itapata onyo hilo, na kirusi kilichotoka jana kitapata hilohilo. Aliye getini amekurudishia swali: wewe wamjua? Na kumjua maana yake ni kumpigia simu kwa namba uliyokuwa nayo zamani, si ile iliyoandikwa ndani ya ujumbe uleule unaoushuku.

Halafu kuna sauti nyekundu. Kivinjari kinapokuambia waziwazi kwamba faili ni hatari na kimeizuia, mara nyingi ni kwa sababu tayari imeshajulikana. Google ina huduma iitwayo Safe Browsing, ambayo Firefox na Safari nazo huitumia, na Microsoft ina SmartScreen ndani ya Edge. Hizo hukusanya habari za tovuti na faili zilizokwisha kuwadhuru wengine. Mwaka 2024 Chrome ilitenganisha waziwazi maonyo ya kushuku na maonyo ya hatari, kila moja na rangi na alama yake, ili mtu asiyachanganye. Nyekundu, ndugu zangu, haijadiliwi kaunta. Mteja akisema ni yangu, nimeitengeneza mimi, mwambie kwa heshima aende akaifungue kwenye kompyuta yake. Kweli, kivinjari huweza kukosea. Lakini anayeweza kuthibitisha kwamba kimekosea si mtu aliye na mstari wa wateja sita nyuma yake.

Ya mwisho naipita haraka: onyo la kwamba njia si salama. Faili imepita kwenye tovuti ya http isiyo na s, na mtu aliye katikati angeweza kuibadilisha njiani. Itafute faili ileile kwenye anwani ya https. Basi.

Huwa naambiwa, ah, watu hawasomi maonyo, wajisumbua bure. Nimelikataa neno hilo, na nina sababu. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa maonyo zaidi ya milioni 25 yaliyoonekana kwenye Chrome na Firefox. Kwa maonyo ya programu hasidi na ya tovuti za ulaghai, waliopita kwa nguvu hawakufika robo. Robo tatu na zaidi walirudi nyuma. Lakini kwa onyo la Chrome la cheti cha tovuti, yaani kitambulisho chake, kisicho sawa, asilimia 70.2 walipita. Watu ni walewale. Kilichotofautiana ni onyo lenyewe, na kama mtu ameshalizoea kuwa halina maana. Kwa hiyo mtu husikia anapoona kuna jambo la kusikia. Kazi yetu ni kutoliua sikio hilo.

Na sisi tunaliua kila siku. Nitawaambia namna tunavyoliua.

Ya kwanza ni zile programu za kufungulia Windows na Office bila kulipa, ambazo mafundi wetu huzitembeza kwenye flashi. Someni maelekezo yake siku moja. Mstari wa kwanza husema: zima antivirusi. Wa pili husema: kivinjari kikilalamika, bonyeza uendelee. Hebu fikirini mgeni anayebisha hodi saa nane za usiku na kukuambia, kabla hujafungua, mfunge mbwa na mwambie bawabu akalale. Najua leseni ni ghali. Najua duka la kuchapisha karatasi Majengo haliwezi kununua Office kwa mashine nane. Nawaambieni basi: wekeni LibreOffice, ni ya bure na ni halali, na hati za Word inazifungua. Hakuna sababu ya kumfunga mbwa.

Ya pili, na hapa nawasema watu wazuri, ni sisi tunaotuma. Kuna vijana wa hapa Mombasa wanaoandika programu za maduka, za kuhesabia bidhaa na kutoa risiti. Kazi nzuri. Lakini programu haina sahihi ya kidijitali, kivinjari kinasema hakiijui, na kijana kwa haraka humwambia mwenye duka: puuza hiyo, bonyeza tu, ndivyo ilivyo. Mwanangu, hapo umemfundisha mwenye duka somo ambalo mwizi atakuja kulivuna. Wiki ijayo atapokea faili ya mwingine, ataona onyo lilelile, naye atakumbuka maneno yako. Tia sahihi programu yako, ingawa yagharimu. Au iweke kwenye duka rasmi la programu, au uiandike ifanye kazi ndani ya kivinjari bila kupakua chochote. Na tovuti yako iwe ya https: Let's Encrypt wamekuwa wakitoa vyeti bure tangu mwisho wa 2015, kwa hiyo gharama si udhuru tena.

Nanyi wa ofisi za forodha, acheni kuwatumia wateja zip zenye nywila huku nywila iko chini ya ujumbe. Najua mnaona ni usalama. Si usalama: anayeweza kuusoma ujumbe ameisoma na nywila. Kilichofungwa nje ni kivinjari, maana kufuli lile hukizuia kuona ndani. Ndiyo sababu wezi wanalipenda. Tumeni PDF ya kawaida. Kama hati ni ya siri kweli, nywila ipitie njia nyingine, kwa simu au kwa mdomo. Siku ambayo mawakala wote wa mji huu wataacha desturi hiyo, zip yenye nywila itakapofika kwa karani itamshtua, kama inavyopaswa.

Nimetaja alama ya PDF iliyomdanganya yule binti. Windows, isipoambiwa vingine, huficha mwisho wa jina la faili. Jina lililoandikwa hati.pdf.exe litaonekana hati.pdf, na picha ya PDF yaweza kubandikwa juu yake na yeyote. Hila hii ni ya zamani. Mnamo Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilizunguka dunia kwa faili iliyojifanya barua ya mapenzi ya maandishi matupu, kumbe mwisho wake wa kweli ulikuwa vbs. Miaka zaidi ya ishirini na tano, na bado twaingia mlango uleule. Kwenye Windows 11 fungua folda yoyote, nenda View, kisha Show, uwashe miisho ya majina ya faili. Ni sekunde kumi kwa kila mashine. Nilipofanya hivyo dukani kwangu, kijana wangu alikamata faili ya namna hiyo ndani ya mwezi uleule, kwa macho yake, bila msaada wa onyo lolote.

Sasa, kuna faili halali ambazo zitakataliwa, na kazi lazima iendelee. Ufanyeje? Kanuni yangu ni kumfungua kuku mmoja, si kuitupa kamba. Kwenye mipangilio ya usalama ya Chrome kuna ngazi tatu za ulinzi: ulioimarishwa, wa kawaida, na kutokuwa na ulinzi. Nimeingia saiba nyingi nikakuta ile ya tatu imechaguliwa, na nikiuliza nani, hakuna ajuaye. Mtu fulani siku moja alitaka kupakua faili moja, akamwondoa bawabu kabisa, naye hakurudishwa. Rudisheni leo. Firefox nayo ina sehemu kama hiyo, na Edge ina SmartScreen yake. Ukishathibitisha kwamba faili fulani ni salama, iruhusu hiyo peke yake kwenye orodha ya vilivyopakuliwa. Ikifika kwenye folda na bado Windows inaisimamisha, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, ingia Properties, na chini utaona mahali pa kuifungua alama ile. Kamba ya kuku huyo tu.

Na kuthibitisha kwafanywaje? Njia mbili ninazitumia. Watengenezaji wengi wa programu huandika kwenye tovuti yao alama ya SHA-256, mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaobadilika hata nukta moja ndani ya faili ikibadilika. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, ulinganishe. Zikitofautiana hata kidogo, futa.

Njia ya pili ni VirusTotal, tovuti iliyoanza mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012, inayoipitisha faili kwenye antivirusi zaidi ya sabini kwa mpigo. Nzuri sana kwa programu. Lakini hapa naomba mnisikilize kwa makini, hasa watu wa forodha. Faili unayoipandisha kule haibaki siri yako. Wanaolipia huduma hiyo waweza kuipata. Nimeona karani akipandisha nakala ya pasipoti ya mteja, pamoja na PIN yake ya kodi, ili aone kama ina kirusi. Alikusudia usalama, akaanika siri ya mtu mwingine ambayo sheria yetu ya kulinda data ya mwaka 2019 imemkabidhi ailinde. Kama hati ni ya mteja, tafuta kule kwa ile alama ya herufi 64 peke yake, bila kuipandisha faili. Ikiwa imeshajulikana duniani, itatokea.

Simu niziseme kwa ufupi, ingawa ndizo tunazozishika zaidi. Faili ya apk nje ya duka rasmi ni programu, hata ikiitwa kadi ya harusi. Mwaka 2024 polisi wa jimbo la Himachal Pradesh, Uhindi, waliwatahadharisha watu kuhusu kadi za mwaliko za namna hiyo zilizotumwa kwa WhatsApp. Mombasa hii ambayo harusi haiishi, nani atakayeacha kuifungua kadi? Tangu Android 8 ya mwaka 2017, simu hukuuliza kama unairuhusu Chrome au WhatsApp kuleta programu ngeni. Ukishasema ndiyo mara moja, ruhusa hiyo hubaki wazi. Wengi hapa mliiruhusu siku ya programu ya kutazama mpira, na iko wazi hadi leo. Hiyo ifungeni kabla hamjatoka ukumbini.

Siwadanganyi kwamba kivinjari kinazuia kila kitu. Juni 2017, programu hasidi iitwayo NotPetya iliilaza Maersk, kampuni ya meli ambayo makontena yake tunayaona Kilindini kila siku. Ilipita kwenye sasisho la programu halali ya uhasibu ya Ukraine, hakuna onyo la kupakua lililowahi kuonekana. Walichojengea upya mtandao wao kilikuwa nakala ya seva moja iliyonusurika Ghana kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika na haikuwa mtandaoni. Kwa hiyo wekeni nakala ya data mahali ambapo waya haufiki. Lakini mashambulizi ya kiwango kile hayaji dukani kwangu kila wiki. Yanayokuja kila wiki ni kama lile la Ijumaa: programu ndogo inayokwapua nywila zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari. Moja tu ya namna hiyo, Lumma, Microsoft iliposhirikiana na vyombo vya sheria kuivunja Mei 2025, ilikuta kompyuta zaidi ya 394,000 zimeambukizwa ndani ya miezi miwili. Hapana nywila ya ofisi inayopaswa kuhifadhiwa kwenye kompyuta ya saiba.

Neno langu kwa waajiri, maana naona wachache mmefika. Karani anaposimama mbele ya onyo, kinachomsukuma kidole si ujinga. Ni sauti yako kwenye simu ukiuliza mbona bado. Mpe dakika tano za kupiga simu kuthibitisha, na siku atakayokosea akaja kukuambia, msikilize kwanza. Yule binti aliogopa kusema kwamba alifungua faili isiyofunguka. Siku kumi na moja zilipita. Angesema siku ileile, tungechomoa mtandao, tungebadilisha nywila kutoka kompyuta nyingine, tungeziondoa akaunti zote zilizokuwa wazi kila mahali, na wateja wangepigiwa simu kuambiwa akaunti ya benki haijabadilika na haitabadilika kwa barua pepe. Taarifa ingefika kwa kikosi cha taifa cha matukio ya mtandao, KE-CIRT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Yote hayo ni kazi ya alasiri moja.

Nimeleta kompyuta mbili, ziko pale mezani karibu na mlango. Moja nimeiwekea faili ya majaribio ya EICAR, herufi 68 zisizodhuru chochote ila antivirusi zote zimekubaliana kuzipigia kelele, ili aliyewahi kuona onyo akiwa na haraka alione leo akiwa ametulia. Nyingine ni ya kuziangalia faili zenu. Aliye na faili iliyokataliwa wiki hii aje nayo. Tuna muda mpaka adhuhuri. Kijana wangu ndiye atakayewapokea, ni yuleyule wa Ijumaa ile, na hakuna mtu mjini hapa anayesoma maonyo kwa makini kumshinda.